Na Salamu Nyingi

Nyumbani,
Jumanne, tarehe 4 Februari

Mke wangu mpenzi,

Habari za huko? Mimi sijambo, nyumba haijambo, na cherehani yako haijambo pia, nimeifunika shuka kama ulivyoagiza. Usishangae herufi zangu kuwa kubwa hivi. Nimekusudia, ili usihangaike kutafuta miwani yako katikati ya nepi za wajukuu.

Sasa kaa chini nikupe kichekesho. Jana mkuu wa shule alituita chumba cha walimu, akafungua maboksi, na kila mmoja wetu akakabidhiwa kishikwambi. Naam, kishikwambi ndilo jina lake, ingawa wenzangu wote wanasema tableti, na mimi mwalimu wa Kiswahili nimebaki kulitetea neno peke yangu. Changu kilikuwa kimeshaunganishwa na projekta. Nikakibonyeza mahali, kikapiga picha. Unajua picha ya nini? Pua yangu! Pua tupu, imeenea ukuta mzima. Mwalimu wa Jiografia akauliza huo ni mlima gani.

Kicheko kando. Tarehe 12 Machi anakuja mkaguzi. Kila mwalimu atafundisha kipindi kimoja mbele yake kwa hicho kifaa, na atakayeshindwa, mkuu amesema kwa ile sauti yake ya upole nisiyoipenda, "atapangiwa majukumu mengine". Majukumu mengine ni stoo ya vitabu, wala tusidanganyane. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, mama watoto, na sitaki kuimaliza nikihesabu madaftari na mende.

Na aliyepewa kazi ya kutufundisha ni nani kama si Bwana Namba? Yule yule mwalimu wa Hesabu, jirani yangu wa meza kwa miaka kumi na tisa, aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba insha ni hesabu isiyo na jibu. Anakuja hapa nyumbani kila jioni kuninoa. Mimi ndiye mwanafunzi, yeye ndiye mwalimu. Dunia hii!

Habari ya stoo usimwambie binti yetu. Mwambie baba yake na teknolojia wanapatana.

Barua nimeisoma kwa sauti kabla ya kuifunga, kama kawaida yangu. Sentensi ikikwama mdomoni, na kwenye karatasi itakwama.

Wako wa siku zote,
Mwalimu


Kwa binti yetu,
Jumatatu, tarehe 10 Februari

Mwalimu wangu,

Barua imefika, na pua imefika nayo. Nimecheka hadi Mkubwa akaamka, na yeye akiamka lazima amwamshe Mdogo. Wamepishana dakika kumi tu hawa mapacha, lakini Mkubwa analia kama mwenye nyumba.

Wote wanaongezeka uzito. Binti yetu ameanza kupata nguvu, anakula, anagomba, kwa hiyo najua amepona. Mkwe wetu ni mtu mwema kuliko nilivyomdhania. Anaosha vyombo bila kuambiwa, na akimaliza anapanguza na sinki. Juzi wamenikalisha sebuleni wote wawili, wakaniomba nibaki mpaka mwisho wa mwaka. Wanataka jibu kabla ya katikati ya Machi, ili kama siwezi watafute yaya mapema. Nimewaambia nitafikiri.

Kuhusu kishikwambi chako, mtu aliyewafundisha watoto wa watu miaka thelathini, tena watoto watundu, atashindwaje na kibao? Bwana Namba mpe chai, usimpe ubishi. Najua ubishi ndio ulio karibu zaidi na mkono wako.

Sasa yale ya kwetu wawili, ambayo kwenye simu siyasemi kwa sababu simu ya hapa inapokelewa sebuleni na sebule ina masikio. Nimekukumbuka, mzee wewe. Nimekukumbuka hadi nakumbuka kikohozi chako cha asubuhi. Kubaki naweza, hawa wajukuu ni damu yangu. Lakini wewe je, unataka nirudi? Ukisema rudi, narudi. Ukisema baki, nitabaki na sitanuna. Niandikie neno moja tu.

Mkeo


Nyumbani,
Jumatatu, tarehe 17 Februari

Mke wangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe mkwe anapanguza hadi sinki! Usimwambie kwamba mimi huwa naishia kwenye vikombe.

Nimefurahi wamekuomba ukae, ni heshima hiyo. Basi fikiri kwa nafasi, wala usiwe na wasiwasi na mtu wa huku. Mimi nipo kamili kabisa. Nakula, nalala, nafua. Juzi tu wanafunzi walinicheka, kumbe nimefunga vifungo vya shati kombo, lakini hiyo ni haraka ya asubuhi.

Bwana Namba nimempa chai kama ulivyosema. Anakunywa vikombe vitatu, sukari vijiko vinne kila kimoja, halafu ndiye mtaalamu wa hesabu. Ila lazima nimpe haki yake, ana subira. Amenionyesha kwamba kifaa hiki mtu ukisema, chenyewe kinaandika. Na ukikipa maandishi, kinakusomea kwa sauti ya mwanamke asiyechoka wala kukohoa. Jana nilipiga chafya katikati ya sentensi, kikaniuliza kama nataka kuanza upya. Nikakijibu kwamba kwa umri wangu mtu haanzi upya, anaendelea tu. Kikaandika na hilo.

Cherehani nimeitia mafuta. Wabusu wajukuu, Mdogo kwanza, ili na yeye siku moja atangulie.

Wako wa siku zote,
Mwalimu


Kwa binti yetu,
Jumatatu, tarehe 24 Februari

Mwalimu,

Barua nimeipata. "Mimi nipo kamili kabisa." Haya. Nashukuru kusikia.

Wajukuu hawajambo. Mvua imenyesha siku tatu, nepi hazikauki, tumezitandaza hadi kwenye viti vya wageni.

Kuna jambo nimeliona. Mistari yako inashuka. Inaanza vizuri kushoto, ikifika kulia imeteremka vidole viwili, na kwenye ukurasa wa pili mstari wa tisa umepanda juu ya wa nane. Mimi ni mshonaji, pindo likienda kombo naliona hata kama silitaki. Na vifungo navyo. Na mwaka jana, ukumbuke, ulikataa kunitungia uzi kwenye sindano, ukasema hiyo ni kazi ya wanawake. Wewe! Wewe ambaye umenitungia uzi tangu tuoane, tena ukijisifu! Unaumwa? Kama unaumwa sema.

Sasa yale ya kwetu wawili. Nilikuuliza swali, hukulijibu. Uligusa kila kitu, hadi sinki, swali langu ukaliruka. Nimekaa nalo wiki nzima nikishona gauni la binti yetu, nikajichoma sindano mara mbili. Imeniuma, mume wangu, nakwambia bila kuzunguka. Nakuuliza tena: nirudi au nibaki? Mkwe anangoja jibu, na mimi nangoja lako. Ukinyamaza na safari hii, nitajua umenijibu.

Mkeo


Nyumbani,
Jumamosi, tarehe 1 Machi

Mke wangu mpenzi,

Pole na mvua. Huku jua linachoma hadi kamba ya nguo inakaribia kuwaka.

Kuhusu mistari, lawama ni ya meza. Mguu mmoja umelegea tangu Bwana Namba aanze kuegemea. Na uzi wa siku hizi wanautengeneza mnene, hata kijana hawezi kuutunga. Siumwi popote. Ondoa shaka.

Kinachonisumbua ni tarehe 12. Nitafundisha barua ya kirafiki, mada niliyoifundisha mara nyingi hadi naweza kuifundisha nimelala. Barua ya mfano ipo ndani ya kishikwambi, ya kwanza juu kabisa kwenye orodha. Nagusa pale, ile sauti ya mwanamke inaisoma darasa zima lisikie, halafu wanafunzi wanachambua. Nimerudia nikiwa na Bwana Namba mara ishirini na sita. Amehesabu yeye.

Lakini nikuulize na mimi, kwa kuwa umeniuliza mengi. Mbona siku hizi barua zako zinaishia "na salamu nyingi" kama tangazo la ofisi? Mara mbili sasa. Zamani hukukosa neno la mwisho la kwetu wawili, hata ulipokuwa umenikasirikia. Sisemi nimeumia. Ila nimeumia.

Wako wa siku zote,
Mwalimu


Kwa binti yangu,
Jumatano, tarehe 5 Machi

Shemeji Bwana Namba,

Salamu zako. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi akuletee shuleni, mkononi mwako, na si mkononi mwa mtu mwingine.

Mimi maisha yangu yote sijaandika "na salamu nyingi" kwa mume wangu. Yeye anasema nimeandika, mara mbili. Sasa naomba uniambie ukweli, shemeji. Nani anamsomea barua zangu? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayemaliza sukari yangu kila jioni.

Shemeji yako,
Mshonaji


Shuleni,
Ijumaa, tarehe 7 Machi

Shemeji yangu mheshimiwa,

Ningeweza kupiga simu, lakini aibu niliyo nayo haipiti kwenye simu.

Ni mimi. Mwalimu haoni. Tuseme anaona mwanga, anaona mtu ni mrefu au mfupi, lakini maandishi hayaoni tangu mwezi wa kumi na moja. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na anatolewa bila shida. Mwalimu akakataa mpaka mkaguzi apite, kwa kuwa mkuu akisikia tu, stoo inamngoja. Akaniapisha nisikwambie. Kwenye kishikwambi hasomi chochote, shemeji. Amekariri mahali pa kugusa. La kwanza juu, la pili chini yake, basi.

Barua zako namsomea mimi, neno kwa neno, hadi koma. Lakini kila nikifika mwishoni nakuta umeandika "sasa yale ya kwetu wawili". Shemeji, wawili ni wawili. Mimi nikiyasoma tunakuwa watatu. Kwa hiyo nafunga macho, nakunja karatasi, nasema, "Na salamu nyingi." Sijui hata sentensi moja iliyo chini ya hapo, naapa. Nilidhani ni mambo ya mume na mke, nikadhani yanaweza kusubiri macho yapone. Kama kulikuwa na jambo lenye tarehe, basi nimekosea hesabu, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kukosea vibaya hivi.

Nina wazo. Ukinitumia barua yako kwa simu, nitaiweka ndani ya kifaa chake bila kuitazama, kisha kimsomee chenyewe. Kile hakina haya.

Shemeji yako aliyekosa,
Bwana Namba


Kwa binti yetu,
Jumanne, tarehe 11 Machi

Mwalimu wangu,

Barua hii husomewi na mtu. Nimeiandika kwa simu ya binti yetu, kwa kidole kimoja, tangu asubuhi, na Mkubwa amenifutia nusu yake kwa mguu.

Najua huoni. Usimgombeze Bwana Namba, nimembana mimi. Umenificha tangu mwezi wa kumi na moja, tukilala kitanda kimoja! Ulikuwa ukinishikia kioo nijaribu nguo, unasema "umependeza", kumbe huoni hata rangi. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena. Mimi ni mkeo, si mkaguzi. Kwangu huna mtihani wa kufaulu. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, akatolewa, na kesho yake akaanza kukosoa mishono yangu. Nenda katibiwe.

Sasa yale ya kwetu wawili. Nilikuuliza mara mbili, hukusomewa. Nilidhani umenichoka, mzee wewe. Basi nakuuliza ya tatu: unataka nirudi? Ukisema rudi, narudi. Neno moja tu.

Mkeo


Nyumbani,
Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mke wangu mpenzi,

Barua hii sikuiandika. Nimeisema, kishikwambi kimeandika, na Bwana Namba ameichapa ofisini bila kuisoma. Ameapa kwa bikari yake.

Barua yako nimeipata. Tumeipata, niseme. Subiri.

Jana saa nne asubuhi niliingia darasani. Wanafunzi arobaini, mkaguzi amekaa nyuma na fomu yake, mkuu wa shule pembeni yake. Spika imewashwa. Nikawaambia wanafunzi, "Sikilizeni mfano wa barua ya kirafiki, kisha tutauchambua." Nikagusa la kwanza juu kabisa. Sasa huyu rafiki yetu alikuwa ameiweka barua yako usiku wa kuamkia siku hiyo, akapanga kuniambia baada ya kipindi ili asinivuruge. Kwa hiyo la kwanza lilikuwa wewe, na mfano wangu ulikuwa umeshuka kuwa la pili. Mtu anayejua hesabu hivyo hakuwaza hilo!

Ile sauti ikasoma anwani na tarehe, kisha "Mwalimu wangu." Darasa likatulia, wakijua ndio mfano. Na mimi nilidhani hivyo, kwa sekunde mbili. Iliposema "Najua huoni", nikaanza kutafuta pa kuizima. Pa kuizima sikupaona. Nikapapasa kioo chote, ikazidi kusoma. Ikasoma kitanda kimoja. Ikasoma kioo na nguo. Ikafika kwenye ya kwetu wawili, na tulikuwa watu arobaini na watatu. Haikuruka hata nukta. Ilipomaliza kusema "Neno moja tu", ikasema "Mkeo", ikanyamaza. Nikapapasa kiti, nikakaa.

Kuna binti anakaa mbele, hajawahi kunyoosha mkono tangu mwaka uanze. Alisimama yule. "Mwalimu, utamjibu nini?"

Nikasema kwanza nina deni nao la ukweli. Nikawaambia ni kweli, sioni. Nilipokuwa nikiwaita mmoja mmoja chumba cha walimu wanisomee insha zao kwa sauti, haikuwa adhabu, ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kusahihisha. Nikawaomba radhi.

Yule binti akasema, "Tulijua, Mwalimu. Tulijua tangu tulipofungua shule. Ndiyo maana tunaandika kwa herufi kubwa."

Mke wangu, nilikosa pa kuweka uso. Miezi yote hiyo najifanya naona, na watoto arobaini wanajifanya hawajui, wanaharibu madaftari kwa herufi kubwa ili mwalimu wao asiaibike. Nililia mbele ya mkaguzi. Ndiyo, nililia, na sioni kwa nini nikufiche, kuficha kumenishinda.

Kisha nikafundisha. Ningefanya nini kingine? Kengele ilikuwa bado. Nikawauliza, katika barua mliyoisikia, anwani iko wapi, tarehe iko wapi, mwanzo uko wapi. Wakajibu. Nikauliza shabaha ya barua iko wapi. Wakasema wote kwa pamoja, "Mwishoni!" Nikawaambia basi tuijibu. Wao wanasema, kishikwambi kinaandika, projekta inaonyesha ukutani, tunasahihisha pamoja. Mmoja akataka tuandike, "Njoo haraka, vifungo vinatuumiza macho sisi." Hata mkuu alicheka. Nikasikia mkaguzi akifungua na kufunga mkoba, kumbe anatafuta leso.

Mwisho wa kipindi alinijia, akasema hajui kipindi hiki akiandike sehemu gani ya fomu. Ila darasani sihamishwi. Amemwambia mkuu anipe ruhusa ya matibabu, na nikirudi nirudi darasani kwangu. Jicho la kwanza linatolewa tarehe 24. Stoo wakaitunze mende wenyewe.

Sasa yale ya kwetu wawili. Nilipokwambia nipo kamili kabisa nilidhani bado unafikiri, sikutaka kukuvuta huku na huku, na wewe una wajukuu mikononi. Ulikuwa uongo. Naongea na cherehani. Naweka vikombe viwili mezani, Bwana Namba akifika namwambia kile kimoja ni cha mtu mwingine. Nimeogopa stoo, lakini nimeogopa zaidi kukaa bila wewe mpaka mwisho wa mwaka, na sikuwa na ujasiri wa kukuomba kitu ambacho, kumbe, ulikuwa umeshanipa mara mbili.

Darasa lilipendekeza majibu mengi mazuri. Nimeyakataa yote, na kishikwambi nimekinyima hili. Umeomba neno moja, nimeliandika mwenyewe, kwa kalamu, nyuma ya karatasi hii. Nimetumia ukurasa mzima. Kama limeenda kombo, wewe ni mshonaji, utalinyoosha ukifika.

Wako wa siku zote,
Mwalimu

(nyuma ya karatasi)

RUDI